Kinyozi Aliyebishana na Sauti Yake

Mume wa dada yangu ni kinyozi, na kama humjui, ukipishana naye barabarani hutageuka kumtazama mara ya pili. Ni mtu mfupi, mwembamba, mwenye mikono inayonukia spiriti hata akitoka kuoga. Duka lake liko chini ya jengo la ghorofa, limebanwa kati ya duka la vipuri vya baiskeli na chumba anachoshonea nguo dada yangu. Lina viti viwili vya kunyolea. Kimoja kinazunguka, kingine kiligoma zamani, kwa hiyo ukikalia hicho yeye ndiye anayekuzunguka wewe. Lakini mtu huyohuyo akikusanya viganja mdomoni na kuita, bata mwitu wanaopita juu kabisa wanakata kona na kushuka.

Alijifunza kabla hajashika wembe. Ujanani alifanya kazi ya usafi kwenye mtambo wa maji, ule ulio ubavuni mwa bwawa kubwa, na saa ya chakula alikuwa akikaa ukingoni peke yake. Bata walikuwa wakilia, naye kwa kukosa wa kupiga naye soga akawa anawajibu. Mwanzoni walimkimbia. Baadaye wakamzoea. Mwishowe akajua wanavyolia wakishiba, wakiitana, wakigombana na wakiona hatari. Dada anasema alimchumbia kwa sauti hizohizo, na kwamba alikubali kuolewa ili anyamaze.

Mimi ni dereva wa basi la shule. Msimu wa kuwinda bata ukifunguliwa, kila asubuhi isiyo ya kazi utanikuta bwawani na bunduki yangu ya marisau, ile inayotema punje ndogondogo za risasi kwa mpigo mmoja. Ni mimi niliyempeleka shemeji kwenye chama chetu cha wawindaji, na huko ndiko alikopewa jina la Koo. Yeye mwenyewe hajawahi kufyatua bunduki. "Ina maneno mengi," huwa anasema. Alikuwa akikaa nasi ndani ya vibanda vya matete tunavyojenga ukingoni ili bata wasituone. Yeye anaita, sisi tunapiga. Watu waligombea kukaa naye kibanda kimoja mpaka ikabidi tuwe tunapokezana.

Enzi hizo bata walikuwa wengi kiasi kwamba wakiruka kwa pamoja unasikia kama lori linamwaga kokoto. Kisha wakaanza kupungua. Hatukushtuka, maana walipungua kama nywele za utosini: kila siku unajitazama kwenye kioo na kila siku unajiona uleule. Na wakati wao wanapungua, sisi tulikuwa tunaongezeka. Magari yalijipanga kwenye njia ya bwawa mpaka ukichelewa unaegesha mbali na kutembea. Bunduki nazo zikawa nzuri zaidi, na mabuti yasiyopitisha maji, na nguo za rangi ya matete. Mwaka mmoja afisa wa wanyamapori alikuja kwenye mkutano wetu akatueleza kwamba bata wanaopigwa ni wengi kuliko wanaozaliwa. Tulimsikiliza kwa adabu, tukampa soda, akaenda zake. Alipotoka, mwenyekiti wetu, ambaye ni mwenye bucha pale sokoni, akasema, "Bata hawajaisha. Wamehama. Kiumbe ana mabawa, unataka akae?" Tukacheka, tukaingia kwenye ajenda inayofuata.

Sasa asubuhi ya kufungua msimu ninaousimulia, nilikuwa kibanda kimoja na shemeji na mwenyekiti. Palikuwa na baridi na maji yametulia. Tulingoja mpaka jua likapanda na chai ikaisha, hakuna kitu. Ndipo likatokea kundi dogo, juu sana, linakwenda zake. Shemeji akakusanya viganja, akaita mara moja tu.

Waligeuka kama waliovutwa na kamba. Wakaja moja kwa moja, bila kuzunguka, bila kuchunguza, na bunduki za vibanda vyote zikaitika. Wakaanguka wote majini isipokuwa mmoja. Yule mmoja alipanda juu, akaenda mbali hadi tukamsahau, halafu akarudi. Alipita chini chini juu ya wenzake akilia. Mwenyekiti akampiga.

"Umeona alivyorudi?" shemeji akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Nimeona."

 Kundi jingine lilipita, kila mtu akamtazama shemeji. Mikono yake ilikuwa mapajani.

"Vipi, Koo limekauka?" mwenyekiti akauliza.

"Limekauka," akajibu.

Jioni yake nilipita dukani kunyolewa. Alinikalisha kwenye kile kiti kigumu, akanifunga kitambaa shingoni, akawa ananizunguka na mashine yake bila neno. Nilijua kuna jambo, maana kinyozi asiyeongea anatisha kuliko daktari asiyeongea. Alipofika nyuma ya sikio ndipo akasema.

"Zamani nilikuwa nawabembeleza, shemeji. Naita, wananisikia, wanapita zao. Naita tena, wanazunguka, wananichunguza, wengine wananikatalia. Walikuwa na wenzao kila mahali, wanifuate mimi nina nini? Leo nimeita mara moja wamekuja mbio. Unajua kwa nini?"

"Kwa nini?"

"Wanatafutana. Wamebaki wachache, wakisikia sauti ya mwenzao hawaulizi mara mbili." Akazima mashine. "Sasa mimi kazi yangu ndiyo hiyo? Kumwita mtu mpweke ili apigwe?"

 Akanipaka spiriti, ikanichoma.

Alikwenda mwenyewe kumwambia mwenyekiti kwamba haiti bata tena. Chama kilimjia juu, kisha kikambembeleza. Wengine walipitia kwa dada yangu, wakidhani mke atamlainisha. Dada alikuwa na sindano mdomoni, akawaacha wamalize, akazitoa moja moja na kuzichomeka kwenye mto wake mdogo. "Mume wangu akisema hali chumvi, namtilia chumvi?" akawauliza. Wakatoka shingo upande.

Wiki iliyofuata mwenyekiti alitukusanya kwenye chumba cha chama, uso umemchangamka. Akaweka mezani spika nyeusi, akabonyeza kitufe.  Ilikuwa sauti ya shemeji yangu. Si ya kufanana naye, ni yake hasa, na ule mkwaruzo kidogo anaoutia mwishoni. Kumbe miaka yote hiyo mle kibandani mwenyekiti alikuwa akimrekodi kwa simu.

"Koo halikauki tena," akasema. Watu wakapiga makofi.

Nilikwenda kula kwa dada siku hiyo, chakula kikanishinda. Dada akaniuliza nina nini, nikasema. Shemeji kwanza alicheka kabisa, akafuta machozi.

"Inaita vizuri?"

"Kama wewe."

"Inapumulia wapi?"

"Sijui. Sikusikia ikipumua."

Kicheko kikamwisha. Akala polepole, akanawa mikono. Kesho yake akaenda bucha, nami nikamsindikiza. Mwenyekiti alikuwa anakata mbavu na wateja wamejaa. Shemeji akasubiri zamu yake kama mtu anayenunua nyama.

"Mwenyekiti," akasema, "nimesikia sauti yangu iko kwako. Nimekuja kukuomba usiitumie."

Mwenyekiti hakuacha kukata. "Sauti ikishatoka mdomoni ni ya hewa, Koo. Ungeitaka ungeimeza."

Watu wakacheka. Shemeji naye akatabasamu, kwa sababu anapenda mzaha mzuri hata ukimwangukia mwenyewe.

"Basi kama ni ya hewa, nitakuja kuongea nayo hukohuko hewani."

"Karibu sana. Uje na kiti."

Kila mtu alichukulia kwamba yameishia hapo.

Siku ya mapumziko iliyofuata nilikuwa kibandani kama kawaida. Nilikwenda, siwezi kusema sikwenda. Napenda kuwinda, na nilitaka pia kuona spika ile itafanya nini. Ilikuwa imefungwa kwenye nguzo ya mti mbele yetu, inaita, inanyamaza, inaita. Haikuchukua muda, likatokea kundi kubwa kuliko yote tuliyoona msimu ule. Mwenyekiti akanong'ona, "Haya, mnaona?" Bata wakainamisha mabawa, wakaanza kushuka.

Ndipo sauti ya pili ikalia kutoka nyuma yetu, kali, fupi fupi, na bata wakapasuka huku na huku kama karatasi zilizopigwa na upepo.

Tuligeuka wote. Juu ya ukuta wa bwawa, mahali ambapo hata kipofu angemwona, alisimama shemeji yangu na koti lake jeupe la kunyolea. Alilivaa makusudi, ili asije mtu akasema alimdhania matete. Pembeni yake dada alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, amejifunika shali, anashona. Kweli walikuja na kiti.

"Zidisha sauti," mwenyekiti akamwambia jirani. Spika ikaunguruma. Bata walikuwa bado wanazunguka juu, hawajui washike lipi. Sauti moja inawaambia njooni kuna chakula, sauti nyingine inawaambia kimbieni, na zote mbili ni za mtu mmoja. Hapo shemeji akabadilisha. Aliacha kulia kwa hofu, akaanza kuita kwa upole, akitembea juu ya ukuta, kuelekea upande wa mtambo wa maji. Nyuma ya uzio wa mtambo kuna mabwawa madogo ya kutulizia maji, na kule ni marufuku kupiga risasi, hata sisi wenyewe tunaheshimu.

Bata mmoja akajibu kutoka juu. Shemeji akanyamaza, akamsikiliza hadi akamaliza, ndipo akamjibu. Akajibu mwingine. Naye akajibiwa. Nimewinda tangu sijaota ndevu na sijapata kusikia mazungumzo kama yale. Spika ilikuwa inapiga kelele tu juu ya kila mtu, inarudia yaleyale, haingoji jibu. Yeye alikuwa anawasikiliza. Kundi zima likaegemea upande wake, likavuka ukuta, likapita juu ya kichwa chake kwa karibu hata shali ya dada ikapepea, likashuka nyuma ya uzio.

 Halafu mzee mmoja fundi bomba, mwindaji wa siku nyingi, akaanza kucheka. Akacheka hadi akaweka bunduki chini. Wengine wakaambukizwa. Mimi sikucheka. Niliinama, nikajifanya nafunga kamba ya buti.

Mwenyekiti alikwenda polisi. Askari wa zamu, ambaye kichwa chake kinanyolewa na shemeji tangu alipoajiriwa, alimsikiliza na kumuuliza kosa aandike lipi. Mwenyekiti akasema, kuita bata. Askari akasema, "Na wewe si unawaita pia?" Shauri likaishia mapokezi.

Ikawa ndiyo kazi. Kila asubuhi ambayo kuwinda kunaruhusiwa shemeji alikuwa ukutani na koti jeupe, kisha anashuka kwenda kufungua duka. Mchezo haukuwa rahisi. Siku nyingine spika ilimshinda na bata wakaanguka, naye akavua kofia, akasimama hadi risasi zinyamaze, akaanza upya na kundi linalofuata. Wawindaji wengi wakasusia kunyolewa kwake. Mwenyekiti akafuga ndevu kwa hasira, na hazikumpendeza hata kidogo. Kwenye benchi la kusubiria walibaki wazee wachache na watoto wanaoletwa na mama zao, na dada akaongeza kazi ya kupunguza suruali ili mambo yaende. Sikuwahi kumsikia shemeji wala dada akimlalamikia mwenzake. Nilipomuuliza dada kama hachoki, alisema, "Huyu bwana tangu nimjue hajawahi kutaka kitu kwa nguvu. Sasa ametaka kimoja. Nimnyime?"

Lakini koo ni nyama. Baridi ya alfajiri na kule kupaza sauti kulimwingia, akaanza kukwaruza, akafika mahali akawa anaongea na wateja kwa ishara. Siku moja hakuweza kutoa sauti yoyote. Daktari alimwambia afunge mdomo, na akiendelea atapoteza sauti kabisa, ya bata na ya watu. Habari ilifika bucha kabla yeye hajafika nyumbani.

Asubuhi iliyofuata vibanda vilijaa. Mwenyekiti alileta spika ya pili. Watu walikuwa wanapeana mikono kama harusini. Nikatazama ukutani, nikaona koti jeupe, nikadhani amemkaidi daktari. Kisha nikaona koti lile ni refu kwa aliyelivaa na chini yake kuna gauni.

Bata walipotokea, dada yangu akakusanya viganja mdomoni.

Haikuwa kama ya mumewe. Ilikuwa nyembamba zaidi, na mara ya kwanza ilivunjika katikati. Lakini bata waliielewa. Wakasita. Akaita tena, akatulia, akawasikiliza kama mumewe anavyowasikiliza.

"Huyu naye alijifunza lini?" mwenyekiti akaropoka.

Niliweka bunduki yangu ndani ya mfuko wake, nikafunga zipu. Nikatoka kibandani, nikapita mbele ya vibanda vyote, watu wananitazama, mwingine ananiita msaliti. Nilipanda ule ukuta nikihema, nikamkuta dada machozi yanamtoka kwa baridi na kwa kukazana. Chini, upande usioonekana na wawindaji, shemeji alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki na shali shingoni, mdomo ameufunga, anamwongoza mkewe kwa mikono: pandisha, punguza, ngoja.

"Dada, ulijua siku zote?"

"Nimelala naye miaka yote hii," akasema bila kunitazama. "Unadhani sijui anachosema? Kuna usiku anaongea nao ndotoni. Haya, simama upande ule, umenizibia."

Nikasimama upande ule. Nilijaribu kuita na mimi, na shemeji, mgonjwa alivyo, akaziba masikio. Basi nikabaki kuwa mshika kiti, na sijawahi kushika cheo ninachojivunia kama kile. Haikupita muda yule fundi bomba naye akapanda, akisema magoti yanamuuma na ukutani kuna jua. Akafuata mwingine. Hatukuwa wengi. Lakini vibanda vilianza kuonekana vina mapengo, na waliobaki wakawa wanapiga risasi huku wanatutazama, na mtu anayekutazama hapigi vizuri.

Msimu ulipofungwa kukawa na mkutano mkuu. Safari hii afisa wa wanyamapori hakuondoka baada ya soda. Alikaa, watu wakambana kwa maswali, akajibu. Shemeji alikuwepo, bado haruhusiwi kuongea, amekaa nyuma karibu na mlango kama mtu aliyekuja kusubiri usafiri. Mwenyekiti alisema chama cha wawindaji hakiwezi kuendeshwa na kinyozi na mshonaji. Fundi bomba akainuka, akamjibu kwamba chama cha wawindaji hakiwezi pia kuendeshwa bila bata. Tukapiga kura. Spika zikapigwa marufuku. Tukakubaliana wenyewe kufupisha msimu, kila mtu apunguze bata anaoruhusiwa kuchukua, na upande wote unaopakana na mtambo uachwe ili bata wapumzike. Haikuwa kwa kishindo. Mikono iliyopanda ilikuwa mingi kidogo tu kuliko iliyobaki chini. Mwenyekiti alijiuzulu palepale, akahamia bwawa jingine na wenzake kadhaa, na nasikia huko nako wanalalamika kwamba bata wamehama.

Siku moja baada ya hapo niliwabeba shemeji na dada kwa gari kutoka kwa daktari wa koo. Alikuwa ameruhusiwa kuongea, kidogo kidogo, kwa sauti iliyobaki, ambayo ni ya chini na yenye vumbi. Daktari alimwambia wazi kwamba ile ya zamani haitarudi. Aliipokea habari hiyo kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua itanyesha. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha nikiwa nimekunja uso.

Tulipofika barabara inayopita kando ya bwawa ilibidi nisimame ghafla. Bata jike alikuwa anavuka, na nyuma yake mstari wa vifaranga, wadogo, wanayumba kama waliovaa viatu vya watu wakubwa. Afisa alikuwa ametuambia tusitegemee kuona tofauti mapema, kwamba mambo haya huchukua miaka, na huenda yasiwe kabisa. Kwa hiyo sisemi walikuwa wamerudi. Nasema tu kwamba wale walikuwepo.

Magari yakaanza kupiga honi nyuma yetu. Shemeji akafungua mlango, akashuka, akasimama katikati ya barabara akiwa amenyoosha mkono mmoja kwa madereva, mtu mfupi, mwembamba, na magari yote yakatulia. Mama bata akapita karibu na miguu yake bila hofu.

"Huwaiti?" nikamuuliza kupitia dirishani.

"Niwaite waje wapi?" akasema. "Hapa ni kwao."

Kifaranga wa mwisho alikuwa ameachwa nyuma, anababaika kwenye ukingo wa lami. Shemeji akainama, akamkinga na upepo wa magari kwa kiganja chake.

"Kaza mwendo wewe," akamwambia, kwa sauti ya kawaida ya mtu.